Ndoo Mbili za Samadi

Kila asubuhi, kabla jogoo wa Gaudensia jirani hajamaliza kujisifu, Marieta alikuwa ameshabeba ndoo mbili za samadi kutoka zizini mpaka chini ya dirisha la mama mkwe wake. Mbili, si moja. Pasaka alibeba. Krismasi alibeba. Siku homa ya matumbo ilipomshika alibeba huku akisimama kila hatua tano kutapika, na ndoo ya pili akaiburuta. Miaka sita! Ukitaka kujua mgongo wa mwanamke unavyoharibika usisumbuke kwenda hospitali, kaa tu umwangalie Marieta anavyoinuka kwenye kigoda.

Na samadi yote hiyo ilikuwa ya nini? Ya mahindi? Ya vitunguu? Wapi! Ilikuwa ya ua. Tena ua lenyewe halichanui.

Lilikuwa waridi la kupanda, yale yasiyojua kukaa chini. Lilipanda ukuta, likapanda bati, likaingia kwenye gata na kuliziba hata maji ya mvua yakawa yanamwagika mlangoni badala ya kwenda kwenye tanki. Likavuka mpaka jiko la nje. Likaichukua kamba ya kuanikia nguo, likaifanya yake. Mwaka jana lilimnasa kuku, akalia mpaka watu wakadhani kuna mwizi. Dirisha la mama mkwe lilizibwa kabisa na majani, saa sita ya mchana chumbani mle ungedhani jua linazama. Na miiba yake, Mungu wangu! Mikono ya Marieta ilikuwa imechanjwa michoro kila upande, mpaka wanawake wa jumuiya wakamuuliza kama siku hizi anafuga chui.

Majani yalikuwa mazuri, hilo lazima lisemwe. Yamenona, mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Ua sasa? Hata moja. Miaka sita, hata tumba.

Mama mkwe wake aliitwa Natalia. Zamani za usichana wake alifanya kazi kwenye bustani ya masista wa misheni, kabla hajaolewa hapa Bashay. Uzeeni akateleza kisimani akavunjika nyonga, na masista wa siku hizi, waliosikia habari zake kwa waliowatangulia, wakamletea zawadi: kijiti cha waridi ndani ya kopo la rangi. Akaagiza kipandwe chini ya dirisha lake. Siku chache baadaye hali ikawa mbaya. Padre akaitwa, akampaka mafuta ya wagonjwa. Jirani walijaa chumbani, Gaudensia alishaanza rozari kwa ile sauti yake ya msibani, na Patriki, mwana wa bibi na mume wa Marieta, alikuwa uani anaongea na fundi kuhusu mbao za jeneza. Ndipo bibi akafungua macho.

"Mnaharakisha nini?" alisema, na sauti ikafika uani. "Mimi sifi mpaka lile waridi lichanue."

Wiki iliyofuata akaomba nyama.

Usicheke. Huku Mbulu neno la mzee aliyeko kitandani si la kuchezea. Mzee akikubariki, umebarikiwa. Akikulaani, bora uhame. Kwa hiyo neno lile lilipotoka, lilishatoka, na kila mtu aliyekuwemo chumbani alilibeba kwenda nalo nyumbani kwake. Bibi akampa Marieta kazi siku ile ile: ndoo mbili za samadi, kila asubuhi, bila kukosa, ili waridi lipate nguvu. Nani angebisha? Mwiraqw hafundishwi habari za samadi. Ng'ombe tunalala nao nyumba moja kwa ajili ya samadi. Mahindi yakikataa, samadi. Maharage yakinyauka, samadi. Shamba la mtu likimshinda, la kwanza watu wanalouliza ni kama anatia samadi. Marieta akabeba.

Sasa, desturi yetu ni kwamba mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na boma la wazazi, pamoja na wazazi wenyewe ndani yake. Patriki ndiye wa mwisho. Kwa hiyo bibi alikuwa wa Patriki. Lakini Patriki alikuwa mlinzi Arusha, anakuja Krismasi na Pasaka, na kilo mbili za sukari na habari nyingi. Kwa hiyo bibi alikuwa wa Marieta.

Kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda. Kumwosha. Kumlisha. Kufua mashuka kwa maji ya kubeba, maana gata limezibwa na waridi. Kukamua, kulima, kupika, halafu kumgeuza tena. Watu walimpa pole, halafu wakamalizia na methali: "Ng'ombe haelemewi na nunduye, Mama Hilda." Marieta alikuwa anaitikia, "Ndiyo, ndiyo," na moyoni anasema ng'ombe mwenyewe hakuwahi kuulizwa. Na bibi hakutaka mtu mwingine amguse. Gaudensia alijaribu mara moja tu, bibi akautema uji wote, akasema yule mwanamke ana mikono ya chura.

Yote hayo Marieta angeyameza. Lililomkaa kooni ni la Hilda.

Hilda ni binti yake wa pekee, ameolewa Katesh. Mwezi wa tano alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kike. Kila mwanamke unayemjua, akijifungua mara ya kwanza, mama yake anakwenda kumkanda, kumpikia uji, kumwonyesha namna ya kumshika mtoto shingo. Hilda alikandwa na mwenye nyumba wake. Marieta alimwona mjukuu kwenye simu, kioo chenyewe kimepasuka, ufa umepita katikati ya uso wa mtoto.

"Mama, utakuja lini?" Hilda aliuliza.

"Bibi yako akipata nafuu."

"Mama," Hilda akasema, "bibi hapati nafuu. Wala hafi."

"Nyamaza! Utalaaniwa wewe!" Marieta akamkatia simu. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia, maana mtoto alikuwa amesema kweli.

Mwezi wa nane akaja mtu wa kununua mabua ya mahindi. Alikuwa Mbarabaig wa Gehandu, jina lake Gidabuday, kijana wa miaka thelathini na kitu, amehamishia ng'ombe zake upande huu kutafuta malisho. Alimwamkia shikamoo, wakaelewana bei, akafunga mabua mizigo kumi. Marieta akampa maziwa ya mgando akae apumue. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, lakini kwa kweli yeye alimkaribisha kwa sababu na yeye alitaka kisingizio cha kukaa.

Gidabuday akaliangalia waridi. Akainua kichwa kufuata lilikokwenda, juu ya bati, mpaka jikoni. Akaanza kucheka.

"Mama, hili mnalilisha nini?"

"Samadi."

"Kiasi gani?"

"Ndoo mbili."

"Kwa mwaka?"

"Kwa siku."

Gidabuday akaweka kikombe chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kumbe yule bwana alifanya kazi miaka saba kwenye shamba la maua Arusha, yale yanayopelekwa Ulaya, kabla hajachoka kuamrishwa na kurudi kwenye ng'ombe zake.

"Mama, wewe ni mfugaji," akasema. "Mtamba akinona kupita kiasi, anashika mimba?"

"Hashiki. Mafuta yanamziba."

"Basi, huyu hapa ni mtamba wenu." Akaligonga shina kwa fimbo. "Mmemnenepesha mpaka amesahau kazi. Tena, mama, nikuambie. Kule Ulaya kuna barafu. Barafu inaliangusha majani, waridi linalala miezi mitatu, minne. Likiamka limepumzika, linachanua. Huku kwetu nani wa kulilaza? Baridi ya Mbulu inatutesa sisi tu, lenyewe halina habari. Linakua mwaka mzima. Halijawahi kulala hata siku moja tangu lizaliwe. Litachanua saa ngapi?"

"Sasa linalazwaje?"

"Acha samadi. Acha maji. Majani uyapukutishe kwa mkono mpaka libaki vijiti. Matawi makubwa usiyakate, ukiyakata umekata maua yenyewe. Yashushe, uyalaze hivi kwa ubavu ukutani, uyafunge. Tawi likisimama wima akili yake yote iko juu, linakimbia tu. Likilazwa, kila jicho linatoa kichipukizi, na kila kichipukizi kinabeba ua. Mvua za kwanza zikipiga, utaona."

Aliondoka na mabua yake. Marieta alibaki pale pale na kikombe kitupu mkononi, akaliangalia lile dude la kijani juu ya nyumba yake. Ua limepata wa kulisemea lipumzike. Alilionea wivu, mwanamke mzima, alilionea wivu ua.

Halafu ndipo lilipomjia lingine, na kikombe kikamponyoka. Sasa alijua namna ya kulichanulisha. Na likichanua, mama mkwe wake anakufa.

Siku nne alizunguka na jambo hilo. Alipukuchua mahindi nalo, alikamua nalo. Hakutaka bibi afe, jamani, asisingiziwe. Alitaka kulala. Alitaka kwenda Katesh, amshike yule mtoto, ajue ana uzito gani. Lakini kama ukitaka kusema kweli, na Marieta peke yake kule zizini aliisema, kulikuwa na asubuhi ambazo mambo hayo mawili hayakuwa na tofauti. Siku ya tano alipita na ndoo yake chini ya dirisha, akaigonga ukutani ili isikike, kisha akaenda kuimwaga kwenye vitunguu.

"Umetia?" bibi aliuliza alipoletewa uji.

"Nimetia, mama."

Ndivyo uongo ulivyoanza, na ukishaanza unataka kulishwa kila siku kama ng'ombe. Wiki tatu Marieta alipambana na lile waridi kwa makasi ya shambani na vipande vya mpira wa baiskeli. Alipanda ngazi, akayatoa matawi kwenye gata moja moja, akayashusha, akayalaza ukutani kwa ubavu, akayafunga kwenye misumari. Mengine yalikuwa marefu kuliko nyumba. Yalimpiga usoni, yalimchana kitenge, moja lilimchoma mwiba chini ya ukucha akaruka ngazi nzima. Majani aliyapukutisha kwa mkono, magunia na magunia. Bibi alipouliza kelele za nini, alimwambia anazibua gata kabla ya mvua, na hilo lilikuwa nusu ya kweli.

Siku dirisha lilipofunguka, mwanga uliingia chumbani kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Bibi aliinua mkono wake mbele ya jicho lake la kulia, lile linaloona.

"Mbona naviona vidole vyangu?" akasema. "Lo, nimezeeka."

Vitunguu vilikuwa vikubwa kama vichwa vya watoto. Watu waliposifu, Marieta aliangalia pembeni. Jumapili tatu mfululizo hakwenda kupokea komunyo. Gaudensia aliona, maana Gaudensia huona kila kitu, akamuuliza kama ana dhambi. "Nina mgongo," Marieta akajibu.

Mvua za kwanza zilipiga mwezi wa kumi na moja, usiku kucha, na maji yakaingia kwenye tanki vizuri. Waridi likaamka. Wiki ya nne Marieta alikuwa anachota maji akaona, kwenye tawi lililolazwa chini kabisa ya dirisha, kitu kama njugu juu ya kikonyo. Akasogea. Tumba. Pembeni yake lingine. Alihesabu saba, akahesabu tena. Lilipasuka moja kidogo tu kwenye ncha, ndani likaonyesha rangi ya waridi.

Furaha ilimjia kwanza, tena ya kitoto, alitaka kumwita mtu. Kisha akashika tanki. Alikuwa amefanya kweli. Hakuna wa kumsingizia. Mikono yake hii hii iliyokuwa inamgeuza bibi kila siku asiumie, ndiyo iliyomfungia kifo chake dirishani kwa mpira wa baiskeli.

Aliingia ndani na bakuli la uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetia?"

"Nimetia."

Bibi hakufungua mdomo kupokea kijiko. "Mama Hilda, hebu kaa."

Marieta akakaa.

"Mguu wangu umekufa," bibi akasema. "Nyonga imekufa. Jicho la kushoto limekufa. Pua haijafa. Toka yule mtu abebe mabua, sijasikia harufu ya samadi kwenye dirisha hili."

Marieta aliinamisha kichwa akasubiri laana. Alishaijua itakavyokuwa, alishaiota. Lakini bibi akasema jambo lingine.

"Nani amekuambia?"

Ilimchukua Marieta muda. Mtu asiyejua angeuliza, kwa nini umeacha? Angeuliza, unaniulia waridi langu? Nani amekuambia ni swali la mtu ambaye siku zote alikuwa anajua.

"Mama," akasema taratibu, "wewe ulikuwa unajua?"

Bibi aliangalia dari.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sista Mary, yule wa bustani, alinifukuza kazi wiki nzima kwa kulimwagia waridi lake samadi. Nilidhani nalipenda. Akaniambia, Natalia, umelinyima usingizi, sasa halitachanua. Sikusahau."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Miaka sita ile kata ilikuwa imelala pale kitandani, inakunywa uji.

Marieta aliweka bakuli chini. Katika miaka ishirini na sita ya kuolewa hakuwahi kupaza sauti ndani ya nyumba ile, na sasa ilitoka yote kwa pamoja.

"Miaka sita, mama! Ndoo mbili! Kwenye homa, kwenye matope, na mgongo huu! Binti yangu amejifungua peke yake kama mbuzi wa porini, mimi niko hapa nanenepesha ua ambalo wewe unajua halichanui! Unajua! Unanisikia napita na ndoo, unajua, unakunywa uji wangu! Nimekukosea nini mimi?"

Bibi hakuweza kugeuka bila kugeuzwa, kwa hiyo alichoweza ni kufumba macho tu.

"Naogopa, Marieta," akasema.

Hakusema Mama Hilda. Tangu Marieta aletwe bibi harusi, mwanamke yule hakuwahi kumwita kwa jina lake.

"Nimezika mume. Nimezika watoto wanne. Fisi nilimfukuza zizini kwa mwiko wa ugali, mpaka leo watu wanasimulia. Sikuogopa. Hiki nakiogopa. Na kila anayeingia humu ananiombea kifo chema. Padre, kifo chema. Jumuiya, kifo chema. Mwanangu akipiga simu anauliza kama waridi limechanua, hajui kama nasikia. Wewe tu unaingia unaniuliza kama uji umepoa. Nikasema, huyu akiwa na kazi ya samadi, hatapata nafasi ya kunichoka."

"Nimekuchoka," Marieta akasema. "Nimekuchoka mama. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Najua."

"Nilitaka lichanue."

"Najua. Ningekuwa wewe, ningelitaka mwaka wa kwanza."

Mwanga ulikuwa umemwangukia usoni, na Marieta akaona jinsi alivyo mdogo. Mtu mzima, na mto ulikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Limeshatoa matumba?" bibi akauliza, macho bado amefumba.

Kutoka pale alipokaa Marieta aliyaona mawili, yanatikisika nje ya kioo. Alikuwa na hasira, hasira ya kutosha kusema ndiyo. Neno lilishafika kwenye ulimi.

"Bado," akasema.

Uji ulishapoa kupita kiasi. Akamlisha hivyo hivyo, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu hasira haimshibishi mtu.

Siku tano mvua iliendelea, na siku ya sita kukapambazuka jua. Marieta alipotoka kwenda zizini harufu ilimpokea kabla hajafika kwenye kona. Lo! Yalikuwa yamechanua, matatu yamefunguka wazi, manne yako njiani, makubwa, yamejaa kama viganja vya mikono. Alikuwa hajawahi kuona kitu kizuri namna ile kwenye ukuta wake. Alisimama akiyaangalia kwa muda mrefu, maana baada ya miaka sita hata yeye alikuwa na haki ya kuyaangalia. Alimfikiria mtoto wa Katesh. Alifikiria kulala siku nzima, jua likipanda na kushuka, na asiwepo wa kumwita.

Kisha akaenda kuchukua makasi.

Aliyakata yote saba, karibu na jani, kama vile anachuma mboga. Aliyatia kwenye ndoo ya samadi, akayapeleka zizini, akampa ng'ombe. Ng'ombe aliyanusa, akamwangalia kidogo, akala. Marieta alisimama pale mpaka la mwisho likamezwa, akajifuta uso kwa kitenge, akaingia ndani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alichovya kitambaa kwenye maji ya vuguvugu akaanza kumpangusa bibi uso. Bibi akaushika mkono wake. Vidole vyake vilikuwa vikavu kama mabua, lakini vilishika. Akauvuta mkono ule mpaka puani, akatulia nao pale. Alivuta pumzi mara moja, halafu tena, taratibu, kama mtu anayesikiliza anayemwita kwa mbali. Marieta hakuutoa. Nje tanki lilikuwa linadondosha maji.

"Limechanua?" bibi akauliza.

"Bado, mama."

Bibi akaukunjua mkono, akauangalia kwa lile jicho moja. Kulikuwa na damu kidogo kwenye kidole gumba.

"Na hii?"

"Ni miiba tu."

"Ehe," bibi akasema. "Miiba." Akaendelea kuushika. Machozi yalimtoka kwenye jicho lililokufa, lile linaloona likabaki kavu. "Yule mtoto wa Hilda mmempa jina gani?"

"Loveness."

"Lavunesi. Jina gani hilo? Ana meno?"

"Mawili, mama."

"Nenda ukamwone kabla hajaota yote. Gaudensia aje akae na mimi. Lakini aoshe mikono kwa maji ya moto kwanza, yule mwanamke ni chura."

Marieta hakuamini masikio yake. "Siku mbili, mama?"

"Wiki." Neno lilimtoka kwa shida. "Wiki nzima. Ulale. Utanikuta."

Marieta alimgeuza upande wa dirishani, akamwekea mto nyuma ya mgongo, akamfunika. Alikuwa ameshafika mlangoni na ndoo yake alipoitwa.

"Marieta!"

"Abee, mama."

"Kabla hujaondoka, tia samadi. Na Gaudensia umwelekeze atie kila siku, asikose." Bibi akaliangalia lile tawi tupu lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. "Ndoo moja inatosha. Mbili zitakuvunja mgongo."